Acheni Kuhesabu Chaneli!

Natangulia kusema kwamba makala hii itawaudhi watu. Itawaudhi wauza vyombo vya muziki, itawaudhi mafundi wa sauti wa makanisani, na itawaudhi wenzangu wa kompyuta ambao wakisikia neno "ukanda" hucheka mpaka machozi yawatoke. Sawa tu. Leo waniwie radhi, kesho tutakunywa chai.

Mambo yenyewe ni haya. Kuna kikundi kule Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, kinachotaka kurekodi nyimbo za kilumi za akina mama wazee, na pia kwaya yao. Wana mashine ya ukanda wa rili, TEAC A-3440, traki nne, iliyotoka kwenye studio moja iliyofungwa Nairobi. Mashine ni nzima. Inazunguka, inarekodi, inafuta. Kisichokuwapo ni miksa. Wakachanga pesa kama tunavyochanga siku zote, mia mia, mia mbili mbili, mpaka zikafika shilingi 45,000. Kisha wakaniuliza mimi, kwa sababu ni mtoto wa huko na ni "mtu wa kompyuta" (kwetu mtu wa kompyuta hutarajiwa kutengeneza hata pasi).

Kabla sijafungua mdomo, muuzaji mmoja alikuwa ameshawapa jawabu: miksa ya chaneli 16, yenye ampulifaya ya wati 1000 ndani yake, madoido 99 ya sauti, USB na taa za buluu. Pesa zote 45,000 ziishie hapo, na nyingine ziongezwe kidogo.

Hapana. Na tena hapana.

Hebu tuanze na zile wati. Wati ni za kusukuma spika. Ukifanya mkutano wa injili uwanjani, wati ni kitu cha maana sana. Mashine ya ukanda haitaki wati hata moja. Inataka sauti kwa kiwango cha laini, kiasi cha theluthi moja ya volti, basi. Anayemuuzia mtu wa kurekodi ampulifaya ya wati 1000 ni sawa na anayekuuzia trekta uende nalo dukani kununua chumvi. Utafika, ndiyo. Lakini umelipia trekta.

Halafu hizo chaneli 16. Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe, na ugonjwa huu umeenea Kenya nzima. Watu hununua miksa kama wanavyonunua matatu, kwa idadi ya viti. Chaneli ni milango ya kuingilia. Nani amewahi kukuambia uhesabu milango ya kutokea? Geuza ile miksa ya chaneli 16, utazame nyuma yake. Mara nyingi utakuta sauti zote 16 zinatoka kwa milango miwili tu, kushoto na kulia. Sasa mashine yako ina traki nne. Utazijazaje traki nne kutoka kwa milango miwili? Utarekodi mbili, urudi, urekodi mbili nyingine, na wale akina mama waliotoka mbali kwa miguu waimbe wimbo ule ule mara ya pili, sawasawa kabisa na mara ya kwanza? Kilumi hakiimbwi hivyo. Kilumi kikianza kimeanza. Ngoma na sauti vinavutana, wimbo unarefuka au unafupika kwa kadiri watu walivyoingia ndani yake, na mara ya pili utakuwa wimbo mwingine.

Na hiyo USB? Miksa nyingi za bei nafuu zenye USB hutuma kwenye kompyuta mchanganyiko wa kushoto na kulia tu, yaani traki mbili zilizokwisha kupikwa. Ziko chache zinazotuma kila chaneli peke yake. Soundcraft Signature 12 MTK ni mojawapo, lakini hiyo si ya shilingi 45,000. Muuzaji akikuambia "hii ina USB, inarekodi multitraki", mwombe akuonyeshe. Simama pale pale dukani, usiogope. Pesa ni zako.

KWA NINI TRAKI NNE, KWANZA?

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini tusichukue simu, tukaiweka katikati ya duara, tukabonyeza kitufe chekundu. Ni swali zuri na lina jibu la kihandisi.

Ngoma za kilumi ni nzito na zina sauti kubwa. Anayeongoza wimbo ni mama wa miaka sabini na kitu, sauti yake ni nyembamba, na maneno ndiyo yenye thamani, kwa sababu mle ndani mna maombi ya mvua, mna majina, mna Kikamba ambacho mimi mwenyewe nahitaji kuelezwa. Simu ina kidude cha kurekebisha sauti chenyewe. Ngoma ikipigwa, simu inapunguza kila kitu. Ngoma ikinyamaza, simu inapandisha kila kitu. Matokeo yake sauti ya susu inapumua, inazama na kuibuka, na yale maneno yanazama pamoja na pigo la ngoma. Nimesikiliza rekodi za namna hii nyingi. Ngoma unazisikia vizuri ajabu. Maneno unayabahatisha. Na mwenye maneno akishazikwa hakuna programu duniani itakayoyarudisha, hata hizi mpya za akili bandia, maana zikikosa neno zinabuni, na neno la kubuni katika wimbo wa mtu aliyekufa ni uwongo.

Dawa yake ni rahisi. Maiki moja karibu na mdomo wa mwongozaji, traki yake peke yake. Maiki moja kwa ngoma. Maiki mbili kwa waitikiaji. Jumla nne. Baadaye unakaa chini, unapunguza ngoma, unapandisha sauti ya mama, na neno linatoka.

Na asije mtu kusema traki nne ni chache. Mwaka 1967 Beatles walitoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band kwa mashine za Studer J37 za traki nne, wakiwa wanahamisha traki kutoka mashine moja kwenda nyingine ili wapate nafasi. Kule Jamaika, King Tubby alitumia kanda za traki nne kuizaa dub. Na hapa kwetu Afrika Mashariki tulikuwa na chini ya hapo! Bendi za Tanzania kama NUTA Jazz zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani na ukanda ukizunguka. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, fahari yetu Wakamba mpaka alipofariki 1987, alitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 ambazo wimbo mmoja ulikatwa katikati ukaendelea upande wa pili. Hakuna aliyelalamika kuhusu idadi ya chaneli. Watu walicheza.

MIKSA INA KAZI MBILI, SI MOJA

Sasa twende kwenye kiini. Nawaomba wenzangu wa programu mnisome kwa makini, maana haya ni mambo mnayoyajua kwa majina mengine.

Miksa ya kurekodia ukanda ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kupeleka: maiki nne zinaingia, zinaongezwa nguvu, zinatoka kwa njia nne zisizochanganyika, zinaingia kwenye traki nne. Kazi ya pili ni kurudisha: traki nne zinatoka kwenye mashine, zinarudi kwenye miksa, zinachanganywa ili uzisikie kwa hedifoni. Kwa hiyo hesabu ni hii: maiki nne za kuingia, milango minne ya kutokea, na nafasi nne za kurudia. Nafasi nane za kuingilia zinatosha! Nane, si kumi na sita. Kigumu kupata ni ile milango minne ya kutokea.

Na hapa kuna shimo ambalo watu hutumbukia. Wapo wanaosema: nunua miksa yenye kushoto, kulia, na njia mbili za ziada zinazoandikwa ALT 3-4, jumla minne, kazi imekwisha. Ni kweli milango ni minne. Lakini sasa kushoto na kulia zimetumika kwenda kwenye traki 1 na 2. Ile sauti inayorudi kutoka kwenye ukanda utaisikilizia wapi? Ukiirudisha kwenye chaneli ikaelekea kushoto na kulia, inatoka tena kwenda kwenye ukanda, inarudi, inatoka, inarudi. Mwandishi wa programu anaijua hiyo: ni mzunguko usio na mwisho. Tofauti ni kwamba kompyuta huganda kimya kimya, ilhali miksa itapiga yowe la kukupasua masikio. Unaweza kulikwepa yowe hilo kwa kupitisha marejeo kwenye njia za pembeni, lakini unafanya mambo ya kubahatisha usiku, kwa tochi, na watu wanakungoja.

Njia safi ni nyingine. Tafuta miksa ambayo kila chaneli ya maiki ina tundu lililoandikwa DIRECT OUT. Sauti ya chaneli hiyo inatoka hapo peke yake, na ule mchanganyiko wa kushoto na kulia unabaki huru kwa kusikiliza. Tatizo ni kwamba miksa ndogo zenye DIRECT OUT ni adimu. Allen & Heath walikuwa na MixWizard WZ3 16:2, chombo kizuri kweli, zinapatikana za mitumba, lakini ni kubwa na nzito kubebwa kwenye pikipiki.

Basi tazama kama kuna tundu lililoandikwa INSERT. Hili ndilo neno ninalotaka ukariri. INSERT iliwekwa ili uitoe sauti ya chaneli, uipitishe kwenye kifaa kingine, uirudishe pale pale. Tundu moja, plagi ya stirio, ncha inatoa na pete inarudisha (miksa chache zimegeuza, soma kitabu chake). Mafundi wa zamani waligundua kwamba ukichukua plagi ya stirio ukaunganisha ncha na pete kwa risasi, sauti inatoka kwenda kwenye ukanda na wakati huo huo inaendelea na safari yake ndani ya miksa. Umepata DIRECT OUT bila kulipia DIRECT OUT. Kuna wanaochomeka plagi ya mono nusu tu, mpaka mlio wa kwanza, na kwenye Mackie inafanya kazi, lakini mtoto akipita akaugusa waya umepoteza traki. Mwambie fundi wa redio akuunganishie. Ni kazi ya dakika tano kwa kila waya.

Kuna jambo la kujua hapo: kwenye miksa nyingi INSERT huchukua sauti baada ya kitufe cha GAIN na kabla ya vile vya besi na trebo. Kwa hiyo kiwango kinachoingia kwenye ukanda unakiweka kwa GAIN, na besi na trebo hazigusi kinachorekodiwa. Wengine wanaona hii ni kasoro. Mimi naona ni baraka! Ni kama kuhifadhi data ghafi na kuichakata baadaye. Hakuna kijana atakayezungusha trebo mpaka mwisho saa tano usiku akaniharibia wimbo wa bibi yake milele.

SASA NIITAJE

Nilichowaambia watu wa Zombe watafute ni Mackie 1202, ya mitumba, toleo lolote la VLZ lililo zima. Sababu si jina. Sababu ni hesabu. Ina chaneli nne za maiki, na zote nne zina INSERT. Ina chaneli nne za stirio, na ukichomeka upande wa kushoto tu kila moja inapokea sauti moja na kuipeleka pande zote mbili. Yaani maiki nne, milango minne, marejeo manne. Imekaa kwenye TEAC ya traki nne kama kifuniko cha sufuria yake. Haina feda za kusukuma, ina vitufe vya kuzungusha tu, na kwa vumbi la Zombe hilo ni jema, kwa sababu feda iliyo wazi hula vumbi kuliko kitu chochote. Na umeme wake unaingia ndani moja kwa moja kwa waya wa kawaida kama ule wa kompyuta. Miksa nyingi ndogo za bei ya chini hutumia adapta ya nje yenye plagi ya ajabu ajabu, na adapta hiyo ikiungua miksa imekuwa sinia.

Si lazima iwe Mackie. Behringer, ambao Mackie waliwashtaki mwaka 1997 kwa madai ya kunakili, wametengeneza miksa nyingi za umbo hilo hilo kwa bei ndogo, na baadhi zina INSERT na nyingine hazina, hata zikifanana kwa macho. Yamaha vivyo hivyo, toleo moja linayo na dogo lake halina. Ndiyo maana sisemi jina, nasema geuza chombo usome kilichoandikwa. Hakuna INSERT, hakuna DIRECT OUT? Rudisha kwenye rafu.

Miksa ya mitumba ipime hapo hapo. Zungusha kila kitufe polepole ukisikiliza kwa hedifoni. Mkwaruzo mdogo ni vumbi, dawa ya kusafishia vitufe itauondoa. Kimya cha ghafla ni ufa. Washa umeme wa fantomu wa volti 48 uone kama taa inawaka. Kaa nayo ikiwa imewashwa nusu saa, maana kuna magonjwa yanayotokea chombo kikipata joto, na kwetu joto si haba.

Sasa wale wa "sauti ya dhahabu". Hawa nao nina neno nao. Ukitaja miksa ya bei nafuu wanakuja na mahubiri kwamba bila kikuza-sauti cha maelfu ya dola hujarekodi kitu. Ndugu zangu, ukanda wenyewe una mvumo! Mashine ya robo inchi ya traki nne, bila kifaa cha kupunguza mvumo, ina nafasi ya desibeli 60 na kitu kati ya mvumo wake na sauti kubwa inayoweza kubeba. Miksa ya kawaida ya kiwandani, hata ile ya bei ya chini, ni kimya kuliko hapo kwa mbali. Kumwaga pesa kwenye kikuza-sauti ili kiende kuvumishwa na ukanda ni kuchuja maji kwa kitambaa cha hariri halafu kuyamimina kwenye mtungi wa udongo. Pesa hiyo iende kwenye maiki. Na maiki ununue kwa mtu unayemwamini, kwa maana Shure SM58 za bandia zimeenea duniani kote.

Jambo moja la viwango, kwa sababu litawasumbua wengi. Mashine kama hii ya TEAC ni ya kiwango cha minasi 10, yaani sindano yake inasoma sifuri kwa takriban volti 0.32. Vyombo vya kitaalamu ni vya kiwango cha plasi 4, volti 1.23. Hiyo ni karibu mara nne. Ukichomeka bila kufikiri, sauti itaingia ikiwa imepasuka, na utailaumu miksa. TEAC ina vitufe vyake vya kiwango cha kuingilia. Vishushe, uangalie sindano, mapigo makubwa ya ngoma yaguse eneo jekundu kidogo tu. Ukanda unasamehe kidogo pale juu. Dijitali haisamehi hata kidogo.

NA LAPTOPU JE?

Najua. Wewe mwandishi wa programu, unaandikaje habari za ukanda? Kifaa kidogo cha kurekodia cha dijitali chenye traki nne kinaingia mfukoni.

Jibu langu ni fupi. Kama huna chochote, nunua hicho cha dijitali, usijitese. Usiende kutafuta mashine ya rili kwa sababu umesoma kwenye intaneti kwamba ukanda una "joto". Joto tunalo la kutosha. Kanda mpya siku hizi zinatengenezwa na kampuni chache sana, kama Recording The Masters wa Ufaransa na ATR Magnetics wa Marekani, na usafiri na ushuru ni juu yako. Rili ya inchi 10 na nusu, mita 762, inakupa dakika 66 kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, na nusu ya hapo ukienda kasi ya 38. Si mchezo wa maskini.

Lakini watu wa Zombe wanayo mashine tayari, na kanda wanazo. Kuwaambia waitupe wakanunue laptopu ni ule ule upuuzi wa kutuuzia chaneli 16. Halafu niseme ukweli kutoka kazini kwangu. Nimeandika programu miaka mingi na nimeona faili ngapi zisizofunguka? Diski zilizokufa, miradi ya muziki iliyohitaji toleo fulani la programu fulani kwenye Windows fulani. Kanda za Radio Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 ziko Dar es Salaam hadi leo, na ukizichomeka kwenye mashine zinaimba. Haziulizi nywila. Hazitaki kusasishwa.

Sisemi ukanda haufi. Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hunyonya unyevu, zikawa zinanata na kumomonyoka kwenye vichwa vya mashine. Na ukanda ukiuacha chini ya bati Zombe mchana wa Februari umeuua mwenyewe. Kwa hiyo mpango ni kurekodi kwenye ukanda, na wiki hiyo hiyo kuzipitisha traki zote nne kwenye kompyuta kupitia kifaa cha milango minne, nakala mbili, moja Zombe na moja Nairobi. Ukanda ni asili, faili ni nakala. Anayetaka kuniambia nichague kimoja hajawahi kupoteza data.

UMEME, NENO LA MWISHO KWA WAUZAJI

Kuna wanaoshauri kuagiza mashine za ukanda kutoka Marekani au Japani kwa sababu ni rahisi. Tahadhari. Volti unaweza kuzibadilisha kwa transfoma. Hezi huwezi. Mashine kadhaa za zama zile mota yake inafuata mapigo ya umeme wenyewe. Marekani ni hezi 60, sisi ni 50. Mota inazunguka polepole kwa sehemu moja kwa sita. Ukirekodi na kusikiliza kwenye mashine hiyo hiyo hutagundua kitu. Siku utakayopeleka ukanda huo kwenye mashine iliyo sawa, sauti itapanda kwa asilimia 20 na susu atasikika kama mtoto wa chekechea. Mashine ya Zombe ilikuwa Nairobi tangu mwanzo na imewekwa ya hezi 50, hilo nililihakikisha kabla ya jambo lolote jingine.

Na usikate pini ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo wa umeme! Nimeliona hili mara nyingi, na fundi anajisifu kabisa. Pini ile ndiyo inayokuzuia kufa umeshika maiki. Mvumo unaondoka ukichomeka miksa na mashine kwenye ekstensheni moja, na ukifupisha waya kati ya vyombo hivyo viwili. Waya ndefu ni za maiki, za pini tatu, hizo zimetengenezwa kuvumilia urefu. Waya za kwenda kwenye TEAC zisizidi mita mbili.

Mgawanyo wa pesa niliowapa ni huu: miksa isizidi nusu ya zile 45,000. Inayobaki ni maiki nne, stendi, hedifoni mbili, waya nne za INSERT na nne za marejeo. Ikibaki shilingi, inunue nauli na chakula cha waimbaji, maana wale akina mama si wa bure. Muuzaji wa chaneli 16 alipigiwa simu akaelezwa. Alisema tutarudi. Mpaka sasa miksa imepatikana, nzima, vitufe viwili vinakwaruza kidogo. Waya tatu kati ya nne za INSERT zimeshaunganishwa, na ya nne inangoja plagi kutoka Kitui mjini.